Risasi sio hodi

Afande aliinua mkono bila kugeuka na mstari wote ukasimama. Tulikuwa tunashuka kutoka kambi ya Miriakamba kurudi geti la Momella, Mlima Meru, jua linakaribia utosini, magoti yanauma na kila mtu kichwani ana maji ya moto na chipsi kuku za Arusha mjini. Mbele yetu njia ilikuwa inakata kona na kupotelea kwenye vichaka. Katikati ya njia kulikuwa na kinyesi kibichi, bado kinang'aa, hata nzi walikuwa hawajakijaa. Afande akakigusa kwa ncha ya buti, akaangalia vichaka, akatulia.

Sisi hatukuona kitu.

Kilichotufikia kwanza ni harufu, harufu ya zizi kabisa, halafu wale ndege wadogo wanaokula kupe wakaruka juu ya kichaka wakipiga kelele na kutua tena palepale. Ndege wale hawatui kwenye majani, wanatua mgongoni mwa mnyama.

"Nyati," akasema kwa sauti ya chini. "Madume, na sio mmoja." Akaturudisha tulikotoka, taratibu, hakuna kukimbia, mpaka kwenye mpodo mmoja mnene, akatuambia tubanane pamoja na mti ule uwe kati yetu na kichaka. Tukasubiri.

Tukasubiri sana.

Ikafika mahali kaka mmoja wa kundi letu, mtu mzuri tu, ambaye alikuwa na basi la kuwahi, akasema, "Afande, si upige moja juu wakimbie sisi tupite?"

Afande hakukasirika. Alijibu macho yakiwa bado kichakani. "Kaka, risasi sio hodi. Nikipiga juu halafu wakakimbilia huku tuliko, ya pili haitakuwa ya juu. Nitamuua mnyama aliyekuwa amejipumzikia kwake. Na atakuwa amekufa kwa sababu wewe una haraka."

Nyati waliondoka walipotaka wenyewe, tukasikia matawi yanavunjika kuelekea bondeni, tukapita. Hakuna aliyeumia, na jioni ile watu walikuwa wanacheka wanatumiana picha za kilele. Ila ile sentensi ya mwisho ya afande nimekaa nayo wiki kadhaa sasa, nalala nayo naamka nayo, na nimeona bora niiandike kuliko kuendelea kuizungusha kichwani.

## Bunduki inafanya nini hasa

Wengi wetu tunaopanda Meru tunapata amani kwa sababu afande ana bunduki. Ndo utaratibu wa hifadhi, huruhusiwi kwenda bila askari mwenye silaha kwa sababu ya nyati na tembo walioko kwenye misitu ya chini, na watu wanalichukulia kama tiketi, yaani umeshalipia ulinzi kwa hiyo ulinzi upo.

Hebu piga hesabu lakini. Nyati akiamua kukimbia anaweza kufika kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kwa sekunde moja. Usain Bolt alipoweka rekodi Berlin mwaka 2009 alikuwa na wastani wa kilomita 37 na kidogo kwa saa, na alikuwa kwenye uwanja uliosawazishwa, hana begi, hana magoti yaliyochoka kwa kushuka mlima. Kichaka kile kilikuwa kama mita 20 kutoka kwenye kona. Nyati angetoka pale angetufikia ndani ya sekunde moja na nusu. Katika muda huo afande aishushe bunduki begani, aikoki, alenge dume la kilo mia saba au mia nane ambalo paji lake la uso lina pembe nene zilizokutana katikati kama kofia ya chuma, na apige sehemu inayomwangusha papo hapo, kwa sababu nyati aliyejeruhiwa tu ndio balaa zaidi ya aliyekuwa mzima.

Sasa sisemi bunduki haina kazi. Ninachosema ni kwamba kazi yote iliyotuokoa siku ile ilifanyika kabla ya bunduki. Ilifanyika kwenye kinyesi, kwenye ndege, kwenye harufu, kwenye ule mkono ulioinuliwa. Bunduki ni ya pale ambapo vyote hivyo vimeshindikana, na ikishalia kuna mnyama analala chini.

Na hapo ndo penye mwiba wenyewe. Nikienda porini kizembe, mimi nina uwezekano mkubwa wa kurudi nyumbani. Atakayelipa uzembe wangu ni nyati.

## Upepo wa saa sita

Nilimuuliza afande tulipofika chini, kwa nini siku ya kupanda tumepita eneo lilelile hatukukutana na kitu na siku ya kushuka tukakaribia kuwakanyaga? Nilitegemea aniambie bahati. Akachota vumbi kidogo, akaliachia hewani.

Vumbi likaja usoni kwetu tuliokuwa tumeupa mlima mgongo.

Mlimani, jua likishapasha miteremko hewa inapanda juu, na usiku ikipoa inashuka. Kwa hiyo ukipanda mchana upepo unakusukuma mgongoni, harufu yako inatangulia mbele, na nyati ambaye pua yake ni kali kuliko macho yake anakujua kabla hujafika, anajiondokea zake. Ukishuka mchana mambo yanageuka, upepo unakupiga usoni, harufu yako inabaki nyuma juu mlimani, na mnyama aliye chini yako hana habari kabisa kwamba kuna watu kumi wanakuja. Ongeza na uchovu, watu hawaongei, wanaangalia miguu yao tu. Unamshtukia na yeye anakushtukia.

Na nyati aliyeshtuliwa kwa karibu hana muda wa kufikiria. Kundi kubwa la majike na ndama mara nyingi litakimbia, vumbi tu unaliona, ila yale madume makubwa ya umri yaliyojitenga, yanayokaa mawili matatu au moja moja kwenye vichaka karibu na maji na tope, hayo hayana kundi la kuyalinda na mbio zimepungua, na yakibanwa yanachagua kupambana. Mbaya kuliko hayo ni yule mwenye kidonda, aliyenasa kwenye mtego wa nyaya wa jangili akaukata akaondoka nao mguuni. Huyo ana maumivu na hasira, na wewe huwezi kujua yuko kichaka kipi.

Tangu siku ile kila nikienda kutembea sehemu yenye wanyama nachota vumbi. Kuna marenja wanatembea na majivu kwenye kitambaa chepesi, wanakitikisa, majivu yanawaonyesha hewa inaelekea wapi. Kama upepo unanijia usoni na mbele kuna kichaka kinene, hapo ndo natoa sauti, naongea kawaida tu, napiga makofi mawili matatu kabla ya kona. Mnyama akikusikia mapema mara nyingi anakupisha mwenyewe.

## Kila mnyama na lugha yake

Kinachonisumbua kwenye ushauri mwingi unaozunguka ni kwamba unawekwa wote kwenye kapu moja. "Usikimbie." Sawa, lakini kwa nani?

Simba na chui, ndio, usikimbie kabisa, ukikimbia umejigeuza kitoweo. Simama, jiongeze ukubwa, rudi nyuma taratibu ukiwa umemtazama upande wake. Hifadhi ya Arusha, ulipo Mlima Meru, hakuna simba lakini chui wapo, ingawa ni nadra sana umwone.

Nyati akishaanza kuja, kusimama na kumkazia macho hakukusaidii, hapo tafuta mti wa kupanda au mti mnene wa kujibanza nyuma yake, jiwe kubwa, chochote. Ukikosa vyote wazee wa kazi wanasema lala kifudifudi ujibane na ardhi, kwa sababu pembe zake zimepinda na mtu aliyelala bapa ni vigumu kumkokota kwa pembe. Sio kwamba utatoka salama, utakanyagwa, ila una nafasi kuliko aliyesimama.

Tembo ni habari nyingine kabisa, na huyu ndiye ningependa watu wamjue zaidi maana anaongea sana kabla ya kufanya kitu. Ametanua masikio, anatikisa kichwa, anapiga vumbi, anapiga kelele, anakuja hatua kadhaa anasimama, mara nyingi huyo anakuonya, anakupa nafasi ya kuondoka, na wewe ondoka, taratibu, bila kumpa mgongo. Yule aliyelaza masikio nyuma, mkonga ameukunja ndani, kichwa chini, kimya, huyo mara nyingi hatishii tena. Dume unaloliona lina majimaji yanachuruzika kati ya jicho na sikio na mkojo unadondoka mfululizo, usilikaribie hata kama limetulia, liko kwenye kipindi chake na halina subira na mtu. Na mama mwenye mtoto, hata kama mtoto yuko mbali, hesabu kwamba yuko katikati yenu.

Kiboko, kanuni moja tu, usiwe kati yake na maji.

Nyoka anasahaulika kwa sababu hana vishindo. Kifutu anajilaza njiani au pembeni ya njia, rangi ya majani makavu, na hakimbii ukija, anategemea usimwone. Ndo maana buti ndefu, ndo maana tochi ukitoka nje usiku hata kama ni hatua tano kwenda chooni, ndo maana unapanda juu ya gogo kwanza uangalie upande wa pili badala ya kuliruka. Akimuuma mtu, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu, mtulize, kiungo kisichezechezwe, apelekwe hospitali.

Nimeyaandika haya kwa urefu kwa sababu mnyama karibu kila mara anasema kitu kwanza. Tunaoumia mara nyingi hatukuwa tunasikiliza.

## Kundi la wikendi

Haikingi, yaani kutembea porini na milimani kwa miguu, imekuwa kubwa sana siku hizi na mimi nafurahi kutoka moyoni. Kila Ijumaa kuna poster za kwenda Meru, Hanang, Uluguru, Udzungwa, na wenzetu Kenya wana Ngong, Longonot, Aberdare, njia ya Chogoria ya Mlima Kenya yenye mianzi na nyati wake. Watu waliokuwa wanashinda baa Jumamosi sasa wanajua jina la mti. Hilo sitalibeza kamwe.

Lakini kundi la watu thelathini sio kundi la watu sita. Mbele kuna vijana wanashindana, nyuma kuna watu wanavuta pumzi, na katikati kuna nafasi ya nusu kilomita ambayo haina askari wala mwongoza njia. Mnyama akiruhusu wa mbele wapite halafu akaamua kuvuka njia, anakutana na nani? Anakutana na wawili waliobaki kupiga picha, mmoja ana earphone masikioni.

Kuna pia lile jambo ambalo watu wanaona aibu kulitaja, kwenda haja. Mtu anajitenga mita thelathini ndani ya kichaka kwa heshima tu, hajamwambia mtu, na kichaka chenye kivuli saa sita mchana ndicho hichohicho anacholala nyati. Dada zangu hasa, naomba mniamini, mwambie mwenzio, mwambie askari akague kwanza, geuzeni migongo, heshima itabaki palepale.

Halafu kuna ratiba. Basi saa kumi, ndege kesho asubuhi, meneja anataka ripoti Jumatatu. Ukiangalia, kila hatua tunayochukua kwenda kwa mnyama badala ya kumsubiri inatokana na saa ya mtu aliye mjini. Kaka yule wa kundi letu hakuwa mjinga wala mkatili, alikuwa na tiketi mfukoni. Nimemwelewa kabisa. Na ndo maana naona tatizo haliwezi kumalizwa na mtu mmoja mmoja kuwa na adabu, linamalizwa na mtu anayepanga safari kuacha saa mbili tatu zisizo na kazi, ili kusubiri kusimgharimu mtu chochote.

Nimejiuliza pia kama tunapaswa kuwa kule hata kidogo. Kwa wiki nzima hivi nilikuwa nimeshafika kwenye jibu kwamba hapana, tuwaachie msitu wao tukae tuangalie kwa mbali. Kilichonirudisha sio hamu ya kupanda. Ni mama mmoja wa nje ya geti.

## Wasio na afande

Huyu mama anauza chai na mandazi kijiji cha jirani na hifadhi, na siku ile tulikaa kwake tukisubiri gari. Tulipomwamkia shikamoo na kuanza kumsimulia habari ya nyati kwa mbwembwe zote, mikono hewani, alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Halafu akasema, "Poleni. Sisi huwa tunapiga dumu."

Akatueleza. Hawaendi kuni alfajiri, wanasubiri jua lipande. Hawaendi mmoja, wanaenda watatu wanne wanaongea kwa sauti, na anayetangulia anapiga dumu tupu kwa fimbo wanapokaribia korongo. Mtoto hatumwi mtoni jioni. Wakikuta nyati kwenye njia wanarudi nyumbani, na siku hiyo wanapika kwa kuni za kuomba. Shemeji yake alivunjwa mbavu akienda shambani kwake mwenyewe asubuhi na ukungu, hakuwa anatafuta kilele wala picha.

Askari wa kumsindikiza yeye hakuna. Sheria inajua kwamba watu kama shemeji yake wapo, kuna kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au aliyeuawa, na kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni moja kwa familia ya aliyeuawa na laki tano kwa aliyebaki na ulemavu wa kudumu. Milioni moja kwa mtu, kwa kanuni zile. Mgeni kutoka nje akipanda Meru siku nne, ukijumlisha kiingilio, malazi, askari, wapagazi na kampuni, analipa zaidi ya hapo.

Nikaanza kuona kitu ambacho sentensi ya afande haikukisema. Nyati anayeshtuliwa na sisi, anayepigiwa risasi ya juu kwa sababu tuna basi, anakimbilia wapi? Msitu ule haujazungushiwa ukuta. Nyati aliyejeruhiwa kwa risasi iliyokosea haulizi mpaka wa hifadhi uko wapi, anashuka kwenye korongo, na kesho yake nani anapita kwenye korongo lile na dumu? Sisi tutakuwa tumeshafika mjini tunatumiana picha.

Kwa hiyo hata nikijifungia nyumbani nikaacha milima, mama yule ataendelea kupiga dumu. Kutokwenda kwangu hakumpunguzii chochote. Namna ninavyokwenda, ndiyo, inaweza kumpunguzia au kumwongezea. Na alichotufundisha kwa nusu saa juu ya kikombe cha chai kilikuwa na uzito kuliko kila maelezo niliyowahi kupewa na waandaaji wa safari, wao wananiambia lete poncho na pea mbili za soksi.

## Safari inayofuata

Tunaenda Udzungwa, maporomoko ya Sanje na pengine Mwanihana kama miguu itakubali. Ni hifadhi ya kutembea kwa miguu, hakuna barabara ya gari kukatiza msituni, na tembo wapo. Lida wetu ameniomba niandike maelekezo ya kundi nimeyaandika, na yamezua mjadala mkubwa kuliko nilivyotegemea.

Mengi yamepita. Watu kumi na wawili mwisho, zaidi ya hapo tunagawanyika na kila kundi linakuwa na askari wake. Mwenye mwendo mdogo anatembea wa pili, nyuma ya askari, ndiye anayeweka kasi ya wote. Wa mwisho ana filimbi, na kaka yule mwenye basi ameomba nafasi hiyo mwenyewe, bila kusukumwa. Usafiri wa kurudi umepangwa kesho yake asubuhi, tutalala Mang'ula, gharama imeongezeka kidogo na wawili wamejitoa kwa sababu hiyo. Chai na chakula cha njiani tutanunua kwa watu wa pale kijijini na tutakaa nao, tuulize wanapitaje wao, wapi tembo wamevuka wiki hii, kabla hatujaingia getini.

Kilichobaki ni spika. Baadhi ya wenzangu wanasema muziki ni sauti, na si nimeandika mwenyewe kwamba mnyama akisikia mapema anakupisha? Ni hoja nzuri na nimeifikiria. Ila unapopiga makofi mawili unanyamaza, na ukinyamaza unasikia tawi, unasikia wale ndege, unasikia tumbo la tembo linavyonguruma nyuma ya majani. Spika hainyamazi. Askari aliye mbele anabaki na macho tu, tumemnyang'anya masikio, halafu tunamwambia atulinde kwa bunduki. Nimewaandikia hivyo, na nimewaambia kama spika inakuja basi mimi nabaki.